Bibi Alivyomlisha Mpagani

Bibi alikuwa kaburini wiki mbili tu, na tayari alikuwa amegeuzwa kuwa mtu mwingine.

Alipokuwa hai, sauti yake ilivuka uzio, ikavuka barabara, ikaingia kwa kinyozi na kumshtua mteja kitini. Sasa, kwa mujibu wa Shangazi, alikuwa mwanamke wa maneno machache na laini. Alipokuwa hai, aliwahi kumfukuza shemasi sebuleni kwa kandambili moja, ya pili ikiwa bado mguuni, kwa kuwa shemasi alikuja kumwombea mgonjwa huku mwenyewe ana mafua. Sasa hakuwahi kumkasirikia kiumbe. Hata picha iliyotundikwa ukutani ilikuwa imechaguliwa kwa uangalifu: katika picha zote za maisha yake, hiyo ndiyo pekee ambayo mdomo wake umefungwa.

Mjukuu wake alisimama mbele ya picha hiyo Alhamisi jioni, begi bado begani.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Acha utani, mwanangu," Shangazi akasema. "Nawa mikono, uje umwone babu yako."

Nyumbani walimwita Mizani, kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa mkaguzi wa vipimo: alizunguka madukani na masokoni na sanduku la mawe ya kupimia, akihakikisha kwamba kilo ya muuza sukari ni kilo kweli. Kazi hiyo haimwachii mtu imani kubwa kwa wanadamu. Mizani hakuwa mtu wa kununa wala wa kulia, ila alikuwa na tabia ya kuuliza "umejuaje?" katika mazungumzo ambayo watu wengine huitikia tu "loo". Alikuwa ameshakuja mazikoni, akarudi kazini, na sasa alikuwa amekuja tena kwa sababu Shangazi alimpigia simu na kumwambia maneno matatu: Babu Fundi amegoma.

Babu Fundi alikuwa mdogo wake marehemu babu, shemeji yake Bibi. Maisha yake yote alikuwa fundi bomba, na mtaani kulikuwa na nyumba chache ambazo hakuwahi kulala chali chini ya sinki zake akitukana kazi ya fundi aliyemtangulia. Kisha kiharusi kikamchukua mkono na mguu wa kushoto. Ulimi kiliuacha, jambo ambalo watu wengi waliona ni uzembe. Bibi hakumuuliza kama angependa kuhamia kwake. Alikwenda na mkokoteni wa kukodi, akamtoa chumbani kwake kama kabati, akamweka chumba cha mbele penye dirisha. Alipofikishwa tu, Babu Fundi alitangaza kwamba yeye haamini Mungu, tena hataki kuombewa.

"Sikukuuliza," Bibi alimjibu. "Inua mkono, nikusugue kwapa."

Tangu siku hiyo akamwita mpagani wangu, na watu waliozoea kusikia neno hilo likitamkwa kwa huzuni walishangaa kusikia likitamkwa kwa sauti ya mtu anayeita kuku wake.

Sasa mpagani huyo alilala amekazia macho dari. Tangu mazishi hakuwa amesema neno. Siku za kwanza alikubali maziwa kwa mrija; sasa ni maji tu, basi. Daktari alikuja, akamchunguza koo, akamfanya ameze mate, akasema koo ni zima, kiharusi hakikurudi, mtu huyu anaweza kula, ila hataki. Ikifika Jumatatu bado hajala, itabidi apelekwe hospitali akapitishiwe mpira wa chakula puani. Kisha daktari akamtoa Shangazi mlangoni na kumwambia, kwa sauti ya chini, kwamba wazee wa umri ule wakiingia wodini kwa ajili ya mpira, mara nyingi hawarudi nyumbani.

Kuhusu mpira wenyewe, msimamo wa Babu Fundi ulijulikana. Aliutoa zamani, jirani mmoja alipowekewa. "Mimi nimetia mabomba nyumba za watu tangu ujana wangu," alisema. "Siku mtu atakapokuja kunitia bomba mimi, ajue amekosea nyumba."

"Lakini leo mchana amejitahidi," Shangazi alisema sasa. "Amekula nusu bakuli."

Shangazi alikuwa binti mkubwa wa Bibi, kiongozi wa akina mama wa maombi, na mtu mwenye sauti nyembamba kiasi kwamba kanisani maneno yake yalirudiwa na jirani yake ili watu wa nyuma wasikie. Tangu mazishi alikuwa amehamia hapa kumwangalia mzee. Mizani alimpenda sana. Kwa hiyo alingoja apime kwanza. Jioni ile uji ulipoletwa, alitoa begini mizani yake ndogo ya kazini, akapima bakuli. Shangazi alipomaliza kulisha, akapima tena. Kisha akalivua taulo lililofungwa shingoni mwa mzee, akalipima nalo.

"Shangazi, hajala kitu."

"Ameonja."

"Taulo ndilo lililoonja. Uji wote uko humu. Taulo lina hamu nzuri ya kula, halina shida."

Shangazi alikaa kitandani akaufunika uso kwa viganja. "Namwombea kila kijiko, mwanangu. Kila kijiko namtaja Mama. Namwambia, kumbuka upole wake, kumbuka alivyokuhudumia kimyakimya. Ndiyo kwanza anaubana mdomo."

Ijumaa Mizani alichukua zamu, akaiendea kazi kama anavyoendea duka lenye mashaka. Alibadili uzito wa uji, kwanza mwepesi kama maji, halafu mzito. Aliupoza, akaupasha. Aliongeza sukari, akapunguza. Aliinua mto, akashusha mto, akatafuta kijiko chembamba cha chai. Kila badiliko alilifanya peke yake, asije akachanganya sababu. Babu Fundi alimtazama tangu asubuhi mpaka jioni kama fundi anavyomtazama mwenye nyumba aliyeamua kuziba bomba mwenyewe: bila uadui, akingoja tu nyumba ijae maji. Mdomo haukufunguka hata upana wa wembe.

Jumamosi wakaja akina mama wa maombi. Walikizunguka kitanda, wakashikana mikono, wakafumba macho. Shangazi akaomba. Alimshukuru Mungu kwa ajili ya mtumishi wake mnyenyekevu, mama mpole, aliyehudumia wagonjwa bila kuinua sauti.

Mizani hakufumba macho. Hakuwa amekataa, ilikuwa tabia ya kazi, kwa sababu muuzaji akijua mkaguzi amefumba macho huweka kidole juu ya sahani ya mizani. Kwa hiyo yeye peke yake ndiye aliyeona. Kwenye neno "mnyenyekevu", nyusi ya kulia ya Babu Fundi ilipanda. Kwenye "mpole", tundu za pua zilitanuka. Na kwenye "bila kuinua sauti", midomo ikatetemeka, ikaachana kidogo, kama mlango unaosukumwa na mtu aliye ndani. Mzee akageuza macho kumtafuta wa kumwambia. Akakuta duara la kope zilizofumbwa. Midomo ikajifunga tena.

Hapo Mizani akaanza kukumbuka, na alikumbuka kwa namna yake, yaani kile kilichotokea, bila maua.

Wagonjwa wa mtaa ule hawakuchagua kuuguzwa na Bibi. Walikamatwa. Seremala aliyejikata vidole, mke wa muuza mkaa ambaye hakuwa akimsalimu Bibi, mlevi wa kona aliyeanguka kwenye mtaro, wote walipita mikononi mwake, na wote walisuguliwa kwa dodoki mpaka wakasema amina. Hakusomea uuguzi hata siku moja. Alisugua na kuomba kwa pamoja, na aliomba macho wazi. "Ukifumba macho mgonjwa anaanguka," alisema, "halafu unaanza maombi mengine." Mungu mwenyewe, Bibi alimwendea kama mtu anavyomwendea fundi cherehani aliyechukua kitambaa na hajaleta nguo. Alimwambia: niliomba homa ishuke jana. Jana si leo. Leo nakuja tena, na kesho nitakuja, wewe utachoka kabla yangu. Kanisani alisinzia na kukoroma, na alipoambiwa alisema yuko zamu ya usiku, Mwajiri anajua. Na siku aliyokufa aliketi kitini mchana. Mtu mwenye akili angeita daktari pale pale, maana hakuna aliyewahi kumwona ameketi mchana. Waliokuwepo wakasema, afadhali apumzike.

Na alikumbuka jinsi Babu Fundi alivyokuwa akilishwa. Kila alipokuja likizo alisikia ugomvi wa asubuhi kutoka chumba cha mbele, na siku zote alidhani ugomvi ule unachelewesha chakula. Sasa aliurudia kichwani polepole.

"Mpagani, umeamkaje?"

Kimya.

"Nimemwambia Mungu uko hapa kwangu. Amesema hakujui."

"Mwambie na mimi si—"

Kijiko. Mmezo. "—simjui!"

"Amesema pia lile bomba la choo cha kanisa linavuja tena. Nani vile alilifunga?"

"Halivuji! Lile tatizo ni—"

Kijiko.

Mtu hawezi kuwa na hoja na uji mdomoni kwa wakati mmoja. Lazima kimoja kiende chini, na Babu Fundi hajawahi kumeza hoja.

Akina mama walipoondoka, Mizani alimfuata Shangazi jikoni, akamweleza. Shangazi aliacha kusugua sufuria.

"Unataka nimtukane baba yangu mdogo? Mgonjwa? Msiba haujapoa?"

"Si kumtukana. Kubishana naye. Bibi hakuwa akimlisha huku anagombana, Shangazi. Alikuwa anagombana ili amlishe."

"Mama hakuwa mgomvi."

"Shangazi."

"Hakuwa."

"Kinyozi wa ng'ambo ya barabara anajua magonjwa yako yote ya utotoni. Amejuaje?"

Shangazi aliweka sufuria chini. Alipozungumza, Mizani alilazimika kusogea ili asikie.

"Wewe ulikuwa unakuja likizo. Mimi nimezaliwa humu. Maisha yangu yote nimekuwa na mama wa kupiga kelele, kila mtu ana kipande chake, walevi wana kipande chao. Basi amekufa. Niacheni na mimi nipate japo mmoja wa upole."

Mizani hakuwa na jiwe la kupimia jambo hilo. Alichukua kitambaa akakausha vyombo.

"Niahidi hutamtukana," Shangazi alisema.

"Sitamtukana. Nakuahidi."

Jumapili, baada ya ibada, Mchungaji alikuja nyumbani na kundi la waumini kwa ajili ya kumkumbuka marehemu. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa kikubwa, kwa hiyo viti vilipangwa humo, kuzunguka kitanda, na Babu Fundi akawa katikati kama meza. Mtu mmoja aliweka kofia yake miguuni pa mzee. Mizani alikaa karibu na mto, bakuli la uji mapajani.

Ushuhuda ukaanza. Jirani aliyeitwa Mama Pacha alisimama akasimulia usiku aliopata uchungu kabla ya wakati, na jinsi Bibi alivyofika, akamshika mkono, akamnong'oneza maneno ya faraja. Waumini wakaguna kwa heshima. Shangazi akafuta macho. Nyusi ya Babu Fundi ilikuwa imepanda ikakaa huko huko.

"Mjukuu naye aseme neno," Mchungaji akasema.

Mizani hakusimama. Alimgeukia aliyelala.

"Babu, wewe ndiye uliyekaa naye karibu kuliko sisi sote. Nisahihishe nikikosea. Bibi alikuwa mtu wa sauti ya chini, sivyo?"

Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi mtu kumwuliza kitu na kungoja jibu. Macho ya mzee yalitoka darini, yakamtua usoni. Midomo ikatetemeka.

"Alikuombea taratibu, ukiwa usingizini, ili asikusumbue."

Puani kukatoka mvumo.

Ilibaki pengine tusi moja tu kumfungua, na Mizani alikuwa ameahidi. Katika maisha yake ya kazi hakuwahi kutoa kipimo cha uongo, hata kwa muuza samaki aliyemlilia kuwa ana watoto wengi. Akashika kijiko.

"Mchungaji," akasema, "kuna jambo Bibi aliniambia kwa simu, siku chache kabla hajatutoka. Aliniambia Babu Fundi ameokoka."

Chumba kililipuka. "Haleluya!" Mama Pacha akapiga vigelegele. Mchungaji akasimama, mikono miwili mbele, uso umechanua.

"NANI?"

Sauti ilikuwa na kutu, lakini ilikuwa sauti. Kijiko kikaingia. Babu Fundi akameza kwa haraka ya mtu anayechelewa gari.

"Nani kaokoka? Mimi? Nani kasema—"

Kijiko.

"Bwana asifiwe, ndugu yangu," Mchungaji akasema, akimshika mkono mzima.

"Niachie mkono! Mimi si ndugu yako! Lile sinki lako la jikoni bado nina—"

Kijiko.

"—nina deni nalo la matusi! Yule mwanamke hakuniambia niokoke hata siku moja! Mwongo wewe, mtoto! Sauti ya chini? Shemeji? Shemeji akiomba panya walikuwa wanahama! Dirisha hili, mnaliona dirisha hili—"

Kijiko.

"—kioo chake kimelegea kwa amina zake! Usingizini! Alikuwa ananiamsha ili aniombee! Anasema Mungu hawezi kumwona mtu aliyejifunika shuka gubigubi!"

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Shangazi alikuwa ameganda kitini. Mizani hakumtazama, alitazama bakuli na mdomo, bakuli na mdomo.

"Basi alikuwa mnyenyekevu," akasema.

"Mnyenyekevu! Siku ile nimepata kidonda mgongoni, alimwambia huyo Mungu wenu, namsikia hapa hapa: huyu haamini, sawa, hiyo shida yako, wewe shughulikia roho yake kwa wakati wako. Lakini mgongo ni wa kwangu, na leo nataka uanze kukauka. Kama anaagiza nyanya! Huo ndio unyenyekevu?"

"Ukakauka?" Mchungaji akauliza, bila kutaka.

"Ulikauka kwa sababu alikuwa ananigeuza usiku na mchana kama chapa— kama—" Kijiko. "—kama godoro juani! Alikuwa hana muda wa kulala, halafu asubuhi anamshukuru mwingine! Nilimwambia, Shemeji, sifa zako unawapa watu wasioonekana. Akaniambia nifumbue mdomo."

Akanyamaza kwa kukosa pumzi. Kisha Mama Pacha akainuka tena, taratibu, akikunja kanga yake mbele.

"Mchungaji, naomba kurekebisha ushuhuda wangu," akasema. "Hakuninong'oneza. Aliniambia nifunge domo, anayezaliwa si mimi."

Kicheko kikawakamata wote kwa pamoja, hata Mchungaji, ambaye alilazimika kukaa. Na baada ya hapo hakuna aliyengoja zamu. Mmoja alisuguliwa akiwa bado na soksi. Mmoja alipigiwa magoti na kuombewa katikati ya soko, foleni ya watu nyuma yake, kwa sababu Bibi aliona macho yake yana umanjano. Akapelekwa zahanati kwa kushikwa sikio, na ini lake likakutwa kweli lina tatizo. Mchungaji mwenyewe alikiri kwamba aliwahi kuuguzwa malaria na Bibi, na kwamba alipopona alikuta amehubiriwa mahubiri yake mwenyewe, yakiwa yamefupishwa.

Katika kelele hizo, kiti cha Shangazi kilikuwa tupu.

Mizani alimkuta jikoni, amesimama tu, mgongo kwenye ukuta.

"Uliahidi hutatukana," Shangazi alisema. "Ukasema uongo mbele ya Mchungaji."

"Ndiyo."

"Wewe."

"Ndiyo. Robo tatu ya bakuli, Shangazi. Nimeipima, na taulo ni kavu." Akangoja. "Kesho mchana narudi kazini. Sitakuwepo. Daktari anakuja asubuhi, na hata akituachia mzee, keshokutwa atataka kula tena. Ndivyo chakula kilivyo."

"Sina sauti ile, mwanangu. Na hata ningekuwa nayo..." Hakuimaliza.

Kutoka chumba cha mbele Babu Fundi aliita. "Yuko wapi yule binti wa marehemu? Mkubwa! Njoo hapa!"

Shangazi alikwenda, kwa kuwa hakuwahi katika maisha yake kuitwa na mgonjwa asiende. Waumini walikuwa wanaaga, wanachukua kofia na mikoba. Alisimama miguuni pa kitanda. Mizani alikaa pembeni na bakuli.

"Wewe," mzee akasema, "wiki mbili unaniombea sikioni kama mbu. Unajua mama yako alisema nini juu yako?"

"Pumzika, Baba Mdogo."

"Kila asubuhi alikulalamikia kwa Mungu wake. Kila asubuhi! Alisema, huyu mkubwa ulimpa moyo wa ng'ombe na sauti ya mbu, ulikuwa unafanya nini siku hiyo? Nani atamsikia nikiondoka?"

"Hakusema hivyo."

"Alisema."

"Hakusema!" Shangazi akasogea hatua moja. "Mama alinisifu! Siku zote aliwaambia watu—"

"Watu! Watu aliwaambia mengi. Mungu alimwambia sauti ya mbu."

"Uongo! Wewe hata humwamini huyo Mungu, utajuaje alichoambiwa?"

"Nilikuwa nimelala hapa! Nina masikio! Na nikwambie na lingine, mama yako kuimba alikuwa hajui, kupika alikuwa hajui, na kwenye hiyo picha mliyoweka ukutani anafanana na mtu aliyemeza ufunguo!"

"USIMSEME MAMA YANGU!"

Kioo cha dirisha kilitikisika. Au labda kilitikiswa na gari lililopita. Mizani, kwa haki, hakuweza kuthibitisha. Alichoweza kuthibitisha ni kwamba waumini wawili waliokuwa wamekwisha fika kwenye lango walisimama na kugeuka, na kwamba Babu Fundi alikuwa amelala pale mdomo wazi kabisa, hasemi kitu, anangoja.

Mizani akampa Shangazi kijiko. Shangazi alikitazama, akamtazama mzee, akamtazama Mizani, na machozi yakimchuruzika akasema, kwa sauti ambayo haikuhitaji mtu wa kuirudia: "Ni wewe unayefanana na huyo aliyemeza ufunguo." Halafu akamlisha.

"Hilo ni tusi?" Babu Fundi akauliza baada ya kumeza. "Umelichukua kwangu. Kesho uje na la kwako."

Kama Bibi aliyasema yale kweli, ama mzee aliyatunga pale pale, Mizani alijiuliza usiku huo akipanga mawe yake sandukuni. Shahidi alikuwa mmoja, na alikuwa na njaa. Aliliacha jambo hilo bila kulipima.

Daktari alifika asubuhi ya Jumatatu na mkoba wake na karatasi za rufaa zimejazwa tayari. Tangu nje aliwasikia. Shangazi alikuwa ameamka mapema kujiandaa, na alikuwa ameamua kuthibitisha kwamba Mungu yupo, kwa hoja, tangu mwanzo. Alikuwa anashindwa vibaya. Babu Fundi alikuwa amebomoa hoja ya kwanza na ya pili na sasa alikuwa juu ya ya tatu, akieleza kwamba mwili wa binadamu hauwezi kuwa kazi ya fundi mwenye akili, maana hakuna fundi anayejua kazi angepitisha bomba la hewa na bomba la chakula mahali pamoja. Bakuli la kwanza lilikuwa tupu. La pili lilikuwa linaendelea.

"Habari za mgonjwa?" daktari akauliza mlangoni.

"Daktari, afadhali umekuja!" Shangazi alimgeukia, nywele zimetoka kilembani, macho yanawaka. "Wewe umesoma. Mwambie huyu mpagani wangu. Koo la mtu limetokea tu lenyewe?"

"Usimsaidie," Babu Fundi akasema. "Jibu kama fundi."

Daktari alimtazama Mizani, akaona hapo hakuna msaada. Aliufungua mdomo wake ili ajibu, na Shangazi, ambaye mkono wake ulikuwa umekwisha kuizoea kazi, akamtia kijiko.